Fundi jalada aliyewatetea waliotaka kumfungia karakana

Kengele ya misa ya asubuhi bado haijagongwa, lakini ndani ya chumba kidogo nyuma ya maktaba ya seminari kuna kitu kinapikwa. Mwanamke aliyevaa aproni ya turubai amesimama mbele ya jiko la umeme, mwiko mkononi, anakoroga bila kuinua macho, kama mtu anayechemsha maziwa.

Si chakula. Ni gundi ya unga wa ngano. Anachota kidogo kwa ncha ya mwiko, anaipaka kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kisha anavitenganisha taratibu huku akitazama inavyovutika.

"Bado," anasema, na kuendelea kukoroga. "Ikiwa nyepesi inalowesha karatasi. Ikiwa nzito, ikikauka inapasuka, halafu kitabu kikifunguliwa kinalia kama mlango. Hii haitaki papara."

Kila mwaka wanafunzi wapya hudanganywa na harufu hiyo. "Kuna mmoja alikuja na kikombe kabisa," anasema huku akicheka. "Nikamwambia, mwanangu, ukinywa hii hutafungua mdomo mpaka siku ya upadrisho wako."

Kuanzia mkuu wa seminari hadi mlinzi wa getini, wote wanamwita Mama Gundi. Ni fundi wa kujalidi vitabu, kazi ambayo wengi wetu tulidhani ilishakufa siku nyingi. Ana umri wa miaka hamsini na sita, mshahara wake haujaupita sana wa yule mlinzi, na vidole vya mkono wake wa kulia huvimba viungo asubuhi za baridi. Hilo la vidole halisemi mwenyewe. Lilisemwa na mume wake, naye akakanywa papo hapo kwa jicho.

Mezani, juu ya kitambaa safi, kimelala kitabu kikubwa kilichovuliwa jalada, nyuzi za mgongo wake zikiwa wazi. Ni juzuu moja kati ya ishirini na tano. Zote pamoja zinabeba maandishi yote ya mtawa mmoja wa Kikatoliki, mwanateolojia na mwanafalsafa, aliyeishi zaidi ya miaka mia saba iliyopita na kuandika kwa Kilatini mpaka unajiuliza alikuwa analala saa ngapi.

Maprofesa wa seminari humtaja mtawa huyo kwa heshima na vyeo vyake vyote. Karakanani anaitwa Mzee Mnene.

"Si kwamba najua alikuwa na mwili gani," Mama Gundi anajitetea. "Ni vitabu vyake hivi. Hebu kibebe."

Nilikibeba. Kina uzito wa mtoto wa miaka miwili aliyelala usingizi.

Kisa cha juzuu hizo kuja mezani kwake kilianza na maji. Miaka minne iliyopita, wakati wa likizo, tangi lililo juu ya paa la maktaba lilipasuka na maji yakateremka ukutani, nyuma kabisa ya rafu ya Mzee Mnene. Mume wa Mama Gundi ni fundi bomba, naye husisitiza, hata usipomuuliza, kwamba tangi lile hakulifunga yeye.

Walipofungua mlango walikuta vitabu vimevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye maji. Mama Gundi aliwaomba wafanyakazi wa jikoni wamsaidie kuvitandaza ukumbini, akawasha feni zote, na kwa wiki mbili akawa anageuza kurasa moja moja kwa mfupa mwembamba wa kukunjia karatasi.

"Nililia," anasema bila kuona haya. "Vitabu hivi nilikuwa navifuta vumbi tangu nilipokuja hapa kufagia. Nilikuwa sijui kusoma hata neno moja la humo, lakini ukikifuta kitu vumbi miaka mingi kinakuwa chako."

Aliingia seminari hapo kama mfagiaji. Kujalidi alifundishwa na bruda mmoja mzee aliyemwona akishona pazia la maktaba lililochanika, akaenda akaishika ile mishono, akaitazama kwa karibu, akamwambia kesho aje na sindano yake. Bruda huyo ameshatangulia mbele ya haki. Meza ni yake, chuma cha kubania vitabu ni chake, na hata kigoda anachokalia Mama Gundi ni chake.

Kazi yenyewe ni ya pole pole. Juzuu hufumuliwa yote, uzi wa zamani ukakatwa, gundi kavu ikakwanguliwa. Kurasa zilizochanika huzibwa kwa karatasi laini inayoonyesha upande wa pili. Kisha vikunjo, yaani mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja, kimoja juu ya kingine, hushonwa upya kwa uzi wa kitani uliopakwa nta. Ndipo jalada lije. Juzuu moja humla mwezi mmoja na nusu, na hapo hajaugua mtu nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo yeye halifanyi, ingawa mafundi wengi hulifanya. Akimaliza kushona, hakati kingo za kurasa ili zilingane. Vitabu vyake hutoka vikiwa na kingo zisizo sawa, na wanafunzi husema ni vitabu visivyochana nywele.

Sababu iko pembeni mwa kurasa. Kwa karibu miaka mia, watu waliosoma katika seminari hii wameandika maneno yao kwa penseli kwenye kingo hizo, wakimuuliza Mzee Mnene maswali, wakimsifu, wakimbishia. Ukikata ili upendeze, umewakata na wao.

Na kubisha ndiko kulikoleta makala haya.

Padre mtunza maktaba ana zaidi ya miaka themanini, masikio mazito na ulimi mwepesi. Ndiye aliyekuwa akija karakanani na kikombe chake cha chai yenye sukari ya kutisha, akikaa, akimsomea Mama Gundi kipande cha ukurasa anaoushona, kwanza kwa Kilatini ili kujisikia raha mwenyewe, kisha kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza alipomtafsiria, Mama Gundi aliacha sindano hewani. Kipande kile kilikuwa kinapinga jambo ambalo yeye alifundishwa kanisani tangu akiwa mtoto, tena kwa hoja nzito.

"Nilishtuka," anakumbuka. "Nikamwambia, Padre, hiki kitabu kimeingia humu kwa makosa. Mbona huyu anatupinga?"

Padre alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanzu. Akamweleza kwamba mtawa huyo, kama wasomi wengi wa wakati wake, alikuwa na utaratibu. Kila swali alilianza kwa kupanga hoja za wanaompinga. Tena hakuzipanga kwa dharau. Alizisema kwa nguvu zao zote, pengine kuliko wenyewe walivyoweza. Ndipo akaja na jibu lake, na mwisho akarudi kujibu hoja moja baada ya nyingine.

"Sasa mimi nikamuuliza, na asipoweza kuijibu?" anasema Mama Gundi. "Padre akasema, asipoweza, basi na sisi tutaiona, maana ameiandika mwenyewe. Weee! Nikasema huyu mzee alikuwa na moyo."

Angeishia kustaajabu, habari ingekuwa imekwisha. Lakini yeye aliibeba kanuni hiyo akaipeleka nyumbani kwake.

Katika nyumba hiyo ya vyumba vitatu, mtu haruhusiwi kugombana kabla hajamsemea mwenzake. Ukitaka kulalamika, unaanza kwa kueleza upande wa unayemlalamikia, mpaka mwenyewe aseme, "Naam, ndivyo hasa." Hapo ndipo unafungua lako.

"Imenimaliza hiyo," anasema mume wake, mtu wa maneno mengi aliyekuja karakanani kutazama bomba na akasahau kulitazama. "Yaani ukitaka kugombana na mke wako, kwanza umtetee. Mpaka umalize kumtetea, hasira imeshapoa. Sasa ugomvi gani huo?"

Anasimulia kisa cha pikipiki. Yeye aliitaka kwa ajili ya kazi zake za bomba, mke wake hakutaka hata kuisikia. Wakakaa. Mume akaueleza upande wa mke: ajali, mafuta, barabara mbovu, macho yake yeye yanayohitaji miwani. Mke akaueleza upande wa mume: wateja wanaopotea, miguu inayouma, mifuko ya vifaa mabegani.

"Basi mimi nikajishawishi mwenyewe kwamba pikipiki ni balaa," anasema. "Namgeukia mama watoto, ananiambia kesho twende tukainunue. Tukaanza kugombana upya, kila mtu kahamia kwa mwenzake!"

"Na pikipiki ikanunuliwa," Mama Gundi anamalizia, akivuta uzi.

Mapema mwaka huu, kicheko hicho kilipungua.

Kamati ya uendeshaji wa seminari ilipokea pendekezo la kufunga karakana ya kujalidi vitabu. Juzuu za Mzee Mnene zilizokwisha kushonwa, kumi na moja, zingewekwa kwenye kabati la kioo kama ukumbusho. Kumi na nne zilizobaki zingepelekwa kwa wanunuzi wa karatasi chakavu, kwa kuwa maandishi yote ya mtawa huyo sasa yanapatikana kwenye kompyuta. Chumba kingetumika kama stoo ya viti.

Aliyeandika pendekezo hilo ni mhasibu wa seminari, kijana wa miaka thelathini na minne, mtu wa shati lililopigwa pasi vizuri na maneno ya kupimwa. Si mtu mbaya. Hata Mama Gundi, siku aliyosikia, hakumwita mtu mbaya, ingawa mume wake alimsaidia kumwita.

"Roho iliniuma sana," anasema. "Niliziona zile juzuu kumi na nne zikipigwa mafungu, watu wanafungia bidhaa sokoni. Nikajiona na mimi nimefungiwa humo humo."

Aliomba nafasi ya kuzungumza mbele ya kamati. Akapewa dakika kumi.

Asubuhi ya kikao mume wake alimsindikiza mpaka kwenye ngazi na kumpa onyo moja tu. "Mke wangu, nakuomba. Leo usianze na yao. Leo anza na yako, maliza na yako, kaa chini."

"Nilimkubalia," anasema. "Nilikuwa nimekubali kabisa, kwa moyo mmoja."

Chumba cha kikao kina meza ndefu, saa ya ukutani na wajumbe tisa. Mama Gundi alisimama, akashika kingo za meza, akafungua mdomo. Mazoea yana taabu.

"Ndugu wajumbe," alisema, "kwanza niseme kwa nini mnataka kuifunga karakana, na kwa nini mna haki."

Akawaeleza. Akasema chumba kile kina unyevu na ukuta wa nyuma hauponi, kwa hiyo hata kitabu kilichoshonwa leo kinaweza kuoza kesho. Akasema wanaosoma Kilatini hapo sasa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao ana miaka zaidi ya themanini. Akasema maandishi yote ya mtawa yule yanaingia kwenye kifaa kidogo kuliko ukucha, na hakuna tangi litakalokimwagia maji. Akasema wanafunzi wanakaa wawili wawili kwenye viti vibovu. Akasema yeye mwenyewe anazeeka, vidole vinavimba, na hana aliyemrithisha kazi.

"Na mwisho," akasema, "hata nikizimaliza zote, nani atazifungua?"

Wajumbe walikuwa wanatikisa vichwa kwa huzuni ya kukubali. Mama Gundi akavuta pumzi ili sasa aanze upande wake, na mwenyekiti akainua mkono.

"Mama, tunakushukuru sana. Muda wako umekwisha. Nadhani sote tumeelewa, na tunakupongeza kwa ukweli wako."

Alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, kwa koleo lake mwenyewe.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema. "Nikakaa. Machozi hayo. Namfikiria yule bwana pale chini kwenye ngazi, nitamwambia nini? Nimemtetea adui mpaka kengele ikagonga!"

Mwenyekiti aliwaita wajumbe wapige kura. Mikono ilikuwa imeanza kunyanyuka, wa mhasibu ukiwa wa kwanza, pale mhasibu alipoushusha.

Nilimtafuta mhasibu huyo ofisini kwake ili anieleze mwenyewe. Aliomba nisitie chumvi.

"Pendekezo lile niliandika wiki mbili," alisema. "Yule mama akalisema kwa dakika kumi, vizuri kuliko mimi, na hoja mbili hata sikuwa nimezifikiria. Nilifurahi, kusema kweli. Halafu nikajiuliza, na mimi naweza kusema la kwake? Nikaona siwezi. Nilikuwa sijawahi hata kuingia kwenye chumba hicho ninachotaka kukifunga."

Wajumbe wanakumbuka kwamba alisimama, akajaribu. "Vitabu hivi ni vya zamani," alianza. Akasita. "Na ni... vizuri." Akakaa kitako. Kisha akasimama tena na kuomba kura iahirishwe kwa mwezi mmoja, kwa sababu haoni kuwa ni haki kupinga jambo asiloweza kulieleza.

Padre mtunza maktaba, ambaye ni mjumbe, na ambaye kwa masikio yake alikuwa amekosa nusu ya kikao, aliuliza kwa sauti kubwa nini kimetokea. Alipoelezwa, akapiga meza kwa kiganja na kusema jambo kwa Kilatini ambalo mpaka leo amekataa kulitafsiri.

Jumatatu iliyofuata mhasibu alibisha hodi karakanani baada ya saa za kazi.

"Nikamwambia karibu, mwanangu, vua hilo shati zuri," anasema Mama Gundi. "Nikampa aproni. Nikampa sindano."

Siku ya kwanza alivunja sindano tatu. Siku ya pili alishona vikunjo juu chini, ikabidi vifumuliwe vyote. Siku ya tatu gundi ilimkatalia ikawa na madonge, naye akaitazama sufuria kwa uchungu wa mtu aliyekosea hesabu ya mwaka mzima.

"Nilitegemea anieleze hoja zake nikaziandike," anasema mhasibu. "Hakunieleza hata moja. Alinipa kazi tu."

Mama Gundi anakiri kwamba hiyo ilikuwa makusudi. Asiyekujua hakuthamini, anasema, na mtu haelezwi mkono wake unavyojisikia.

Siku moja, katika kuzipanga kurasa za juzuu ya kumi na mbili, mhasibu alikuta pembeni mwa ukurasa maneno ya penseli, yamefifia. Mtu mmoja wa zamani alikuwa ameandika: "Sikubaliani." Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Soma kwanza ukurasa unaofuata." Na chini kabisa, kwa mwandiko ule ule wa kwanza: "Nimesoma. Bado sikubaliani."

Alicheka peke yake. Kisha akamwita Mama Gundi aje asome. Kisha wakamwita Padre, ambaye aliivaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, na kusema huo mwandiko wa juu anaufahamu, ni wa mwanafunzi mwenzake aliyekuwa mkaidi kuliko punda, na Mungu amrehemu huko aliko.

"Hapo nikajua nitasema nini," anasema mhasibu.

Kikao cha pili kilifanyika mwezi uliofuata. Safari hii mhasibu ndiye aliyesimama, na alichosema kimehifadhiwa vizuri vichwani mwa waliokuwepo, maana hawakuwa wamezoea kumsikia akipandisha sauti.

Alisema kwamba kifaa kile kidogo kuliko ukucha kinabeba maneno ya mtawa na kuyabeba salama, na hilo ni jambo jema. "Lakini kwenye kompyuta yupo yeye peke yake," alisema. "Kwenye juzuu hizi tupo na sisi. Watu wa hapa hapa, waliokaa kwenye viti hivi hivi, wakambishia. Tukiziuza, tunauza majibu yetu."

Akaendelea kusema kwamba karakana hiyo hushona pia kamusi za wanafunzi na vitabu vya nyimbo vya parokia za jirani, ambavyo vingekuwa vimetupwa zamani. Akasema mtu anayejua kazi hii akiondoka, hawezi kununuliwa mwingine kama kiti. Na akasema, akiutazama mkono wake uliojaa plasta, kwamba kazi hii inafundishika, japo kwa shida.

"Ndivyo hasa, Mama?" akamgeukia Mama Gundi.

Mama Gundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma, kitambaa kimemfunika nusu ya uso. "Umesahau uzi," alisema kwa sauti ndogo. "Uzi wa kitani ukishonwa vizuri hudumu miaka mia mbili."

"Na uzi," mhasibu akaongeza.

Wakapiga kura. Watano walitaka karakana iendelee hadi mwisho wa mwaka ujao ili juzuu zote zimalizike, kisha suala lizungumzwe upya. Wanne walikataa.

Mmoja wa hao wanne alikuwa mhasibu.

Chumba kililipuka kwa kelele. Padre alitaka kujua kama kijana huyo ana homa. Mhasibu akasimama na kueleza, kwa upole, kwamba alikuja kumsemea mama, hakusema kwamba amekubali. Hoja ya unyevu, alisema, haijajibiwa na mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo.

"Watu walimkasirikia," anasema Mama Gundi. "Mimi nilitaka kumkumbatia. Maana ni kweli! Ule ukuta unalia maji. Mimi ndiye niliyeisema ile hoja, tena naijua kuliko wao wote. Sasa angeniongopea ili nifurahi?"

Hiyo ndiyo hali ilivyo leo. Ukuta wa nyuma umebomolewa kipande, na ndani ya tundu hilo linaonekana bega la mume wa Mama Gundi, ambaye hatimaye amelitazama bomba. Amegundua kwamba linavuja kwenye kiungo na limekuwa likivuja tangu kabla ya lile tangi kupasuka. Anafanya kazi hiyo bila malipo, na analitangaza jambo hilo kwa kila anayepita mlangoni.

"Kwa kuwa nimeambiwa hoja haijajibiwa," sauti yake inatoka ukutani, "acha niijibu kwa spana."

Juzuu ya kumi na tano iko mezani. Zimebaki kumi baada ya hiyo, na muda unatosha kwa kubana sana; akiugua wiki chache tu, hesabu inaharibika. Mhasibu huja kila Ijumaa jioni. Sasa anaweza kushona kikunjo bila kusimamiwa, na sindano hazivunjiki kama zamani. Msimamo wake haujabadilika. Anasema unyevu ukipimwa na kukutwa umekwisha, atafikiria.

Wasichana wawili wa mtaani, waliomaliza shule na kukaa bila kazi, wameomba kufundishwa kuanzia mwezi ujao. Mama Gundi amewakubali, kwa sharti kwamba wavumilie harufu ya unga na hadithi za Padre. Anatamani siku moja karakana hiyo ipokee vitabu kutoka shule zote za jirani, na wasichana hao waishi kwa mikono yao. Anasema anaogopa kulitamka jambo hilo kwa sauti, halafu analitamka kwa sauti.

Nilimuuliza atawaambia nini wajumbe mwishoni mwa mwaka ujao, kamati itakapokaa kuamua kama mlango huu utabaki wazi.

Aliweka sindano chini. Alinijibu kwamba yeye na mhasibu wameshagawana kazi: kijana atausema upande wa karakana, naye atausema upande wa kuifunga. Wamekubaliana kwamba hakuna kulegeza, kila mmoja amsemee mwenzake kama anavyostahili.

"Kwa hiyo nitajiandaa," alisema Mama Gundi. "Nitamtetea yule mtoto kwa nguvu zangu zote, nisimwangushe hata kwa neno moja. Halafu namwomba Mungu nishindwe."